Hemedi wa Bi Masouda

Hemedi hakutia mkono katika sinia. Tulikwisha kunawa, tulikwisha kusema bismillahi, na kaka yangu Jaifar alikwisha kufukua upande wake wa wali mpaka maua ya sinia yakaonekana chini, lakini mkono wa Hemedi ulibaki juu ya goti kama wa mgonjwa anayengoja kuitwa ndani. Mama alimsogezea pande la nguru. Tangu utoto Hemedi ndiye aliyekuwa akitangulia kula, tena kwa pupa, hata marehemu baba akimwita nzige, na ilikuwa mazoea ya nyumba yetu kumchelewesha kwa maneno ili wengine nao wapate.

"Kula, mwanangu," mama alisema. "Samaki nimemkaanga mwenyewe, sikumwachia mtu."

"Naam, mama," Hemedi aliitikia, na hakula.

Mimi nilikuwa nikikanda tonge lile lile tangu mwanzo. Nilijua kilichomkaa kooni, kwa kuwa na mimi kilinikaa hapo hapo. Swali lilikuwa moja, mtu wa kulijibu alikuwa mmoja, naye alikuwa mbele yetu akichambua miba ya samaki. Tofauti ni kwamba Hemedi alikuwa akiomba mama aseme ndiyo, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiomba aseme hapana.

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwaka jana, nyumbani kwetu Bawshar, Maskati, msimu wa maonyesho ya vitabu. Hemedi alikuwa amealikwa kuja kuzungumza. Wasomaji wa Amerika wanamjua kwa jina la Emmett Hollis, na picha yake iko nyuma ya riwaya sita, katika zote amekunja uso mithili ya mtu aliyepigwa na jua. Sisi tunamjua Hemedi tu. Mama alipokabidhiwa kichanga kile alijaribu kulitamka Emmett, akashindwa, akampa jina analoliweza.

Baba yake, Bwana Hollis, alikuwa mchimba visima vya maji, aliyeletwa na serikali miaka ile nchi inaanza kufunguka. Alipanga nyumba ukuta kwa ukuta na yetu ya wakati ule, nyuma ya maduka ya mtaa wa Hamriya. Mkewe alijifungua Hemedi, akashikwa na homa, hakunyanyuka tena. Wazee wangu nao walikuwa wageni, wametoka Unguja juzi juzi, masanduku yao mengine hata kamba hayajafunguliwa, na mama alikuwa na mimi kifuani. Bwana Hollis alikuja akasimama mlangoni na mtoto ndani ya taulo. Hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Mama akanyoosha mikono, akampokea. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa, na hapo ndipo hadithi ilipokuwa ikiishia kila mara, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuuliza mtoto yule alikula nini.

Hemedi alikaa kwetu mpaka alipoanza kuota ndevu. Baba yake aliishi jangwani na mitambo yake. Alikuwa akija na vumbi na zawadi zisizofaa, kisha akiondoka. Hemedi alilala chumba kimoja na Jaifar, akasoma Qurani chuoni pamoja na mimi, akachapwa nasi, akajifunza Kiswahili cha mama barabara, hata leo hii anasema "nnakwenda" na "nshakula" kama bibi wa Mkunazini, Unguja, aliyekaa barazani kwake. Mtaani hapakuwa na aliyeuliza mvulana yule mwenye nywele za rangi ya katani anafanya nini ndani, kwenye wanawake. Jibu lilijulikana: amenyonya kwa Masouda, mama yetu. Na mtoto uliyemnyonyesha ni mwanao. Watoto wako ni ndugu zake, hawezi kuwaoa, wala hawana haja ya kujifunika mbele yake. Ni maharimu wao. Sisi tulifundishwa kuwa hata funda moja la maziwa likishuka tumboni limetosha.

Baadaye baba yake alimchukua akampeleka Nebraska kwa shangazi yake, asome shule za kwao. Huko aliwaambia wanafunzi wenzake kuwa ana mama Oman aliyemnyonyesha, nao wakamwita mwongo. Ndipo alipoanza kuandika, kwa hasira. Aliendesha malori ya mahindi, akafundisha shule za jioni, akaoa, akaachana, akaoa tena, akaachana tena, hakupata mtoto. Riwaya yake ya kwanza ilifunguka na mdomo wa kichanga juu ya ziwa la mwanamke asiyejua lugha yake, na ikampa tuzo. Ya pili, ya wakulima wa Nebraska, haikusomwa na mtu. Ya tatu akarudi kwa mama, nayo ikafanywa filamu. Tangu hapo, popote anapoketi mbele ya kipaza sauti, huulizwa habari za yale maziwa, naye ana sentensi yake anayoitoa: kwamba ameandika maisha yake yote ili kumlipa mwanamke mmoja. Nimemsikia akiisema katika video nyingi mno kiasi kwamba najua mahali anapovuta pumzi.

Jaifar hakuzipenda riwaya hizo. Katika ile ya kwanza Hemedi alimweka baba yetu chooni, mlango umefungwa, bomba limefunguliwa, akiililia Unguja. Jaifar alikaa miaka bila kumsemesha. Mama yeye alicheka tu, akasema baba yenu kweli alikuwa akilia. Na Hemedi aliposilimu rasmi katika msikiti mmoja wa Chicago, baada ya kumzika baba yake, akapiga simu kumwarifu mama kwa sauti ya kutetemeka, mama alimuuliza, "Kwani zamani ulikuwa nani?"

Mimi ni daktari wa macho. Mume wangu alifariki zamani kidogo, wanangu wamekua na wametawanyika, nami nilirudi kukaa na mama. Kila Ijumaa Hemedi alikuwa akipiga simu. Alianza na mama, akamaliza habari za mama, kisha akaniomba mimi, na hapo simu ilibaki sikioni mwangu mpaka mama akalalamika kuwa inaungua. Tulizungumza kila kitu: vitabu, wagonjwa, wake zake, maradhi ya mume wangu siku zile. Wauguzi wakiniuliza ni nani, nilikuwa nikijibu kuwa ni ndugu yangu. Na niliamini. Sikuwa na lolote lililofichika kichwani. Kama lilikuwepo mahali, halikuwa limejitokeza kwangu.

Siku moja kabla ya chakula kile cha Ijumaa alinitaka nimpeleke Qurayyat, akaone kisima cha mwisho alichochimba baba yake. Tulikikuta kimezibwa kwa saruji na mbuzi wamejilaza kivulini. Hakuonekana kusikitika. Tulipokuwa tukirudi, pale barabara inapoanza kupanda milimani, aliniomba nizime redio.

"Buthaina, nna jambo," alisema. "Shangazi kafariki."

"Lini? Mbona hukutwambia?"

"Kabla hajafa alin'ambia kitu. Alisema baba alikuwa kila akitoka jangwani analeta makopo ya maziwa ya unga, anampa mama. Alisema, yule mwanamke masikini hakuwa na maziwa, baba yako ndiye aliyekuwa akimletea."

Barabara ilikuwa na kona kali na lori mbele yetu. Niliushika usukani vizuri.

"Mtu akikaribia kufa husema mengi," nilimwambia.

"Alikuwa na akili zake timamu. Buthaina, kama si kweli, mie n'nani? Nimewaambia watu wote."

Aliendelea kusema. Alisema juu ya vitabu, juu ya tuzo, juu ya kusimama Jumamosi mbele ya watu wa Maskati na kuulizwa swali lile lile. Alisema kwamba alipokuwa na miaka kumi na mitano, amelala nyumbani kwa shangazi yake, alikuwa akijihesabia vitu vilivyo vyake na akaona kuwa ana kimoja tu, maziwa yale. Sauti yake ilikuwa ikikatika, na mimi, dada yake, nilipaswa kumhurumia. Lakini ndani yangu kitu kilikuwa kimekwisha kumtangulia mbali. Nilifurahi. Nalisema wazi: nilifurahi, na furaha ile ilinitisha kuliko kona za ule mlima.

Kisha nikatanabahi kuwa niko ndani ya gari peke yangu na mwanamume ambaye huenda si ndugu yangu. Mtandio wangu ulikuwa umeteleza mpaka shingoni, kama unavyoteleza siku zote nikiwa naye. Mkono wake ulikuwa karibu na gia. Nilifungua kioo, hari ikaingia yote.

"Vipi?" aliuliza.

"Nimesikia joto."

Alitazama kiyoyozi kilichokuwa kikivuma, akanitazama mimi. Kisha akasema, polepole, "Ukitaka nisimuulize mama, sitamuuliza. Tutakaa kama tulivyo."

"Muulize," nilijibu. Nilijibu upesi mno, naye aliusikia upesi ule. Mpaka tukafika Bawshar hapana aliyemtazama mwenzake.

Basi ndiyo hivyo tulivyokuwa mkekani Ijumaa ile, wali unapoa, Jaifar peke yake ndiye anayekula kwa raha. Mama alikuwa amevaa kanga zake za nyumbani, moja kiunoni na moja mabegani, kichwa wazi, mikia yake miwili ya mvi imelala kifuani. Hemedi alikohoa.

"Mama, nnataka kukuuliza. Ulininyonyesha?"

Jaifar aliacha kutafuna. "Swali gani hilo mbele ya chakula? Na vitabu vyote vile, ulikuwa ukiandika nini?"

"Nnamuuliza mama."

Mama hakuinua uso. Alimaliza kuutoa mwiba aliokuwa akiutoa, akauweka ukingoni mwa sinia, akapangusa kidole. Kisha akauliza, "Nani kakwambia?"

Hapo jambo likawa limekwisha, na sote tulilijua. Angeweza kusema, "Umeingiwa na nini, mwanangu?" Angeweza kucheka. Nilimwona Hemedi akikaza taya ili uso wake usiporomoke.

"Baba alimhadithia shangazi," alisema.

"Hollis," mama alisema. "Na mie nlidhani bubu yule."

Aliagiza maji. Nilimwagia mkononi, akanawa taratibu, akasukutua, akajipangusa kwa pindo la kanga. Jaifar alifungua kinywa mara moja, mama akamtazama, akakifunga. Nilikuwa nimebaki nimeshika birika, nikaliweka chini taratibu.

"Nlipata homa, sijatoka arubaini ya Buthaina," alianza. "Maziwa yakakauka, huku na huku, hata tone. Na wanawake wa mtaa ule walikuwa washaanza maneno yao. Hawa wa Zinjibari Kiarabu hawakijui, mikate yao haiivi, wamekuja kula vya wenzao. Ningewaambia na maziwa sina? Nikawa nafunga mlango. Nnakoroga ya kopo, nnampa huyu kwa kijiko, kisha nnafungua mlango nnajifunga vifungo vya gauni. Baba yenu Ghanim akenda kuyanunua mbali, asionekane. Basi Hollis akaja na wewe. Ningemwambia nini, mtu hajui lugha? Nlimwonyesha kopo. Akafahamu. Tangu siku ile akawa analeta yeye, kayaficha kwenye masanduku ya vyuma vyake."

"Kwa hiyo na mimi," nilisema.

"Na wewe. Nyote wawili. Mlichangia kopo."

Kisha Jaifar, mzee mzima, mstaafu wa wizara, mwenye wajukuu, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mie, mama?"

"Wewe nlikunyonyesha Unguja, mpaka ukaning'ata."

Jaifar alishusha pumzi. Siku nyingine yoyote ningemcheka mpaka machozi.

"Mbona hukusema?" Hemedi aliuliza.

"Ulipokuwa mchanga hakuna aliyeuliza. Waliona mlango umefungwa wakadhani wanachodhani, nikawaacha. Ulipopata umri ndiyo wakanijia. Masouda, huyu mvulana vipi, na wewe una binti ndani? Nikawaambia nimemnyonyesha. Nlisema kwa ulimi wangu huu." Alimgeukia Hemedi. "Nisingesema, ungelala wapi? Jangwani, na mashine?"

"Nimewadanganya watu maisha yangu yote."

"Wewe hukudanganya. Wewe umesema ulichoambiwa. Uwongo wangu, na Mola wangu ananijua."

Nilitazamia Hemedi ainuke amkumbatie, kama afanyavyo kila akifika na kila akiondoka. Nadhani na yeye alitaka hivyo, aliegemea mbele. Lakini mama alikuwa ameishika kanga ya mabegani. Aliinyanyua, akaiweka juu ya mvi zake, akaipitisha chini ya kidevu, akajitanda vizuri kama anavyojitanda akipita mbele ya wanaume wasiomhusu.

"Mama," Jaifar alisema, "wewe mtu mzima. Dini imekusamehe hilo."

"Nimekaa naye kichwa wazi miaka yote kwa maneno ya uwongo. Leo nshasema kweli. Nikae naye vipi?"

Nimesoma riwaya zote sita za Hemedi. Kuna vifo ndani yake, kuna vita, kuna mtoto anayesahauliwa stesheni. Uso aliokuwa nao alipokuwa akiitazama kanga ile haumo katika hata moja. Na mkono wangu mwenyewe ulikuwa umepanda bila kuuagiza, umeuvuta mtandio kutoka shingoni mpaka juu ya paji. Alituona sote wawili. Akasema, "Samahanini," neno la mtu aliyekosea mlango, akasimama, hana haja ya kunawa kwa kuwa hakula, akatoka akaenda kukaa majlisi.

Majlisi yetu, chumba cha wageni wa kiume, ina mlango wake wa kutokea nje na mito mizuri ambayo haikaliwi. Hemedi hakuwahi kukaa mle isipokuwa siku za Idi, tena kwa kulazimishwa. Jaifar alimfuata. Walikaa mpaka adhana ya alasiri. Nilipomuuliza Jaifar baadaye walizungumza nini, alisema hawakuzungumza kitu, alimmenyea machungwa.

Mimi nilibeba sinia nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya karo bila kufungua maji. Mama alikuja nyuma yangu, akavuta kiti.

"Mume wa binti yangu sijitandi mbele yake," alisema.

Niligeuka.

"Mkwe naye maharimu. Mpaka kufa." Alikuwa akiitazama sakafu. "Nlikuwa nnakusikia, mwanangu. Kila Ijumaa, na simu ile. Nlikuwa nnaomba Mungu nife kabla hamjaniuliza. Siku nyengine nnaomba mniulize kabla sijafa. Hata sijui niliomba lipi zaidi."

Moyo uliniruka, kisha ukapoa ghafla. Alichosema mama kilikuwa kweli, na ubaya wake ulikuwa katika huo ukweli. Hemedi akinioa, kila alichonyang'anywa mkekani kingemrudia siku ile ile: mama, nyumba, nafasi yake kwenye sinia, hata ile sentensi yake angeweza kuitengeneza upya. Mwanamume aliyeumizwa namna ile angemwoa yeyote aliyesimama mlangoni mwa nyumba hii. Mimi nilikuwa na umri wa kutosha kujua kuolewa ni nini, na sikutaka kuolewa ili mtu apate kumwona mama yake.

"Usimwambie," nilisema.

"Kwani yeye dini haijui?"

"Akiijua, anaijua. Lakini isitoke kwako, mama. Niahidi."

Aliniahidi. Sikupata kumwona akiahidi jambo kwa uzito kama ule.

Jumamosi nilikwenda kwenye maonyesho, nikakaa safu za nyuma, upande wa wanawake. Kijana aliyekuwa akimhoji alimuuliza Hemedi, kwa furaha kabisa, habari za maziwa yaliyomfanya mwandishi. Watu walikwisha kutabasamu wakingoja jibu wanalolijua. Hemedi alikivuta kipaza sauti karibu, akasema, "Nimelelewa kwa maziwa ya kopo." Ukumbi ukacheka. Walidhani mzaha. Hakuwafuata katika kicheko chao, akaomba swali jingine, na kesho yake alipanda ndege.

Simu za Ijumaa zikakatika. Zingeendeleaje? Mtu baki ana haki gani ya kumpigia simu mwanamke mjane na kumshikilia saa nzima? Badala yake alikuwa akimpigia Jaifar, kwa ufupi. Jaifar alikuja akatufikishia: Hemedi anakusalimu, anasema msalimie na mama yako. Hemedi alisema hivyo hivyo, mama yako, si mama tu; na mama alipolisikia aliitikia salamu vizuri, akaingia chumbani akafunga mlango. Kiangazi kizima tulikaa hivyo. Ijumaa mama alikuwa akiiweka simu yake mkekani karibu na goti, akila kidogo, akiitupia jicho, na hakuvunja ahadi. Kuna siku nilitamani aivunje. Nilikuwa nikirudi kazini nimechoka, namkuta amekaa kitako anaitazama ile simu, na hasira zinanipanda nisijue ni za nani: zake yeye aliyesema uwongo, za Hemedi aliyeuliza, au zangu mimi niliyewafungia wote wawili mlango kwa kutaka kupendwa peke yangu.

Baridi ilipoanza, akanipigia mimi.

"Nimemwomba Jaifar ruhusa nikupigie," alisema. Sauti yake ilikuwa imezeeka. Hakuuliza habari za wagonjwa wala za hali ya hewa. "Buthaina, nnataka kukuoa."

Mtu wa kurasa nyingi namna ile, na hakuongeza hata neno. Nilikuwa sebuleni. Mama alikuwa kwenye kochi lake akitazama mchezo wa Kituruki uliotiwa sauti za Kiarabu, na nilimwona akibonyeza kidude cha televisheni, sauti ikapungua, kisha ikapungua tena.

Swali langu nilikuwa nimeliandaa kiangazi kizima, nimelinoa nikiwa barabarani, nikiwa kazini, nikiwa kitandani. "Unanitaka mimi," nilimuuliza, "au unamtaka mama?"

Nilisikia gari likipita huko aliko. Nilijiambia kuwa akisema ananitaka mimi tu, haraka, kwa maneno yake mazuri, nitajua anasema uwongo, nitakata simu, na jambo hili litakwisha. Nilikuwa tayari kabisa kwa hilo.

"Sijui kuwatenganisha," alisema. "Nimejaribu tangu nilivyoondoka. Nikikufikiria wewe, nnakuona upo kwenye nyumba ile, na yeye yupo. Siwezi kukudanganya."

Nilikasirika. Ilinikasirisha mpaka nikaiondoa simu mdomoni. Kazi yangu ni kuwauliza watu wanaona nini ukutani, na wengi hubahatisha herufi ili kunifurahisha, halafu wanatoka na miwani isiyowafaa. Anayenisaidia ni yule anayesema hapa sioni. Nalijua hilo kila siku ya kazi, na bado nilitaka Hemedi abahatishe. Kisha, nimesimama pale, nilijaribu mwenyewe. Nilijaribu kumfikiria bila ile nyumba ya Hamriya, bila mama kumsogezea samaki, bila Kiswahili chake cha kibibi. Nilimwona Mmarekani mrefu aliyeandika vitabu sita. Sikuwa na haja naye.

"Basi njoo," nilimwambia. "Lakini uje kwa mlango wa majlisi. Ukae na Jaifar wanavyokaa wageni, unywe kahawa yake, umwombe kama wanavyoombwa watu. Mie simo."

"Nnakuja," alisema.

Nilikata simu. Mama alikuwa bado ameikazia macho televisheni, ambako mwanamke mmoja alikuwa akilia bila kusikika.

"Huyo mgeni," aliuliza, "atakuja kabla ya Ramadhani au baada?"

"Hakusema, mama."

Aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwangu.

"Mpigie, aje kabla," alisema. "Baada mbali."